Mpigaji Anayechelewa: Hesabu Fremu Kabla ya Kugusa Mikono Yake

Mpigaji wa besiboli akikosa mpira, sauti ya kwanza uwanjani ni "zungusha haraka!" Mara nyingi ushauri huo unamharibu: anakaza mabega, viwiko vinaachana na mwili, gongo linapita njia ndefu, anachelewa zaidi. Wachelewaji ni wa aina mbili na dawa zao hazifanani. Yupo anayechelewa kuanza, na yupo anayeanza kwa wakati ila mzunguko wake ni mrefu. Kwa macho matupu utawachanganya.

Weka simu kwenye slo mosheni ya fremu 240 kwa sekunde (fremu ni picha moja kati ya zinazounda video). Mpira wa kilomita 120 kwa saa unasogea sentimita 14 hivi kila fremu. Kwa video ya fremu 30 unasogea zaidi ya mita nzima, na hapo hakuna cha kupima. Simu ikae upande ambao kifua cha mpigaji kinatazama, nyuma ya wavu, isogezwe hadi mkono wa mrushaji na mguu wa mpigaji vyote vionekane. Hapa Dodoma rekodi asubuhi, kabla upepo wa kiangazi haujaleta vumbi kwenye lenzi. Na tafadhali, video isipitie WhatsApp: inabanwa, fremu zinapotea. Ihamishe kwa waya, ifungue kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, bonyeza herufi E usogeze fremu moja moja.

Kwa mipira 20, andika fremu nne: mpira unapotoka vidoleni, kisigino cha mguu wa mbele kinapokanyaga, mikono inapoanza kwenda mbele, gongo linapougusa mpira.

Kutoka ya tatu hadi ya nne, mzunguko mzuri huchukua sekunde 0.15 hivi, yaani fremu 36. Tuseme mpigaji anatoa 36, 35, 37, lakini kutoka ya kwanza hadi ya tatu anarukaruka kati ya 78 na 90. Mikono yake haina kosa, iache! Tofauti ya fremu 12 ni sekunde 0.05, na ndani yake mpira umekwenda mita 1.7 hivi. Tazama kisigino: mara nyingi mikono imeshaondoka na mguu bado uko hewani. Mwambie anyanyue mguu mapema, mkono wa mrushaji unapoanza kurudi nyuma, akanyage taratibu, kisha asubiri.

Mzunguko ukifika fremu 45, hapo ndipo urekebishe njia ya mikono. Asimame mbele ya uzio, kitako cha gongo kitovuni, ncha ikigusa uzio. Kisha azungushe bila kuugusa.

Kosa jingine ni letu makocha. Kwenye mechi mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, ila anauachia mpira kama mita 16.7 kutoka kwake, hivyo kwa kilomita 120 mpira unafika kwa nusu sekunde hivi. Ukimrushia ukiwa mita 10, nusu sekunde hiyo inataka kilomita 72. Ukirusha 55, unampa sekunde 0.65 na unamfundisha kuchelewa.

Umbali unaofikiwa na mpira uliopigwa usikudanganye kwamba tatizo limekwisha. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, hivyo mpira uleule unakwenda mbali zaidi hapa kuliko Dar es Salaam.

Baada ya wiki mbili rekodi mipira 20 mingine, ukichanganya kasi asikariri. Ile tofauti ya fremu 12 ikishuka hadi 6, endelea na zoezi lilelile.