Tathmini ya Mradi wa Umma Hupangwa Kabla ya Mradi Kuanza

Kufuatia malalamiko yanayozidi kutufikia kutoka kwa wakazi wanaohojiwa kuhusu mradi ambao kijiji chao hakijaupata, ni vyema ieleweke kwamba tathmini, yaani kupima kama mradi umeleta mabadiliko, hupangwa kabla ya shilingi ya kwanza kutumika, na wanaosubiri huhojiwa ili walinganishwe na waliokwisha kupata. Hali ya awali isipopimwa mapema haipimiki tena, kwa maana mama akiulizwa leo mwanawe alikosa shule siku ngapi miaka mitatu iliyopita atakisia tu, na hakuna mtaalamu awezaye kuukarabati ushahidi wa namna hiyo.

Mfano ulio karibu nasi ni Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1998 dawa za minyoo zilianza kutolewa katika mradi uliolenga shule 75 za msingi, na kwa kuwa uwezo haukutosha kuzifikia zote kwa pamoja, shule ziliorodheshwa kialfabeti kwa kila eneo, zikahesabiwa moja, mbili, tatu, kila moja ikaangukia kundi lake. Kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Utaratibu huo haukumwachia diwani wala mwalimu mkuu mwanya wa kuamua nani atangulie. Ulinganisho wa shule zilizoanza na zile zilizokuwa zikisubiri ulionyesha kwamba utoro ulipungua kwa angalau robo, na hata watoto wasiomeza dawa walipungukiwa na maambukizi, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua katika udongo waliochezea. Alama za mitihani hazikupanda, na hilo nalo lilichapishwa. Mwaka 2009 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa dawa hizo shuleni.

Kwa hiyo madai kwamba kijiji kinachosubiri kimebaguliwa hayana msingi pale zamu zilipopangwa kwa utaratibu wa wazi, na tumelieleza jambo hili mara nyingi. Vilevile, anayemficha ng'ombe mhojaji anapokaribia, akidhani umaskini wa siku moja utamwingiza kwenye orodha ya msaada, haongezi nafasi yake hata kidogo. Anapotosha takwimu za kijiji kizima.

Mhojaji anapaswa kujitambulisha, kueleza madhumuni ya maswali na kuomba ridhaa, ambayo mhojiwa anaweza kuinyima au kuiondoa baadaye. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, adhabu ya jumla kwa makosa ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Aidha, taasisi inaweza kutozwa faini ya kiutawala ya hadi shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi, na yale ya mdomo huandikwa na ofisi yenyewe. Uchunguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 90.