Kuziba chaneli si lazima kutulize ubongo

Ukisikia dawa "inaziba chaneli za ioni", yaani vijitundu vya utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji kama sodiamu na potasiamu, ni rahisi kudhani seli ya ubongo itapoa tu. Mara nyingi hupoa. Mara nyingine huwaka zaidi. Inategemea imezibwa chaneli ipi, tena ndani ya seli gani.

Seli ya neva iliyotulia huwa na takriban milivolti -70 ndani ya utando wake. Ikisukumwa hadi karibu -55, chaneli za sodiamu hufunguka kwa wingi, sodiamu humiminika ndani, na seli hufyatua mpigo wa umeme. Punde chaneli hizo hujifunga zenyewe, huku potasiamu inayotoka ikiirudisha seli pale ilipokuwa. Wanasayansi Hodgkin na Huxley waliyaeleza haya kwa hesabu mwaka 1952, wakitumia neva nene ya ngisi.

Fenitoini na karbamazepini, dawa kongwe za kifafa, hushambulia chaneli za sodiamu. Lakini hazizizibi ovyo. Tetrodotoksini, sumu ya samaki bunju, hufanya hivyo, na anayeila anaweza kuacha kupumua. Dawa hizi hupenda chaneli iliyokwisha kufunguka ikajifunga, kisha huichelewesha kurudi kazini. Seli inayofyatua taratibu haisumbuki sana. Inayofyatua mfululizo, kama wakati wa kifafa, kila mpigo hukuta chaneli nyingi zaidi zimeshikwa. Kwangu hapo ndipo penye uzuri wote: dawa huongezeka nguvu palepale penye fujo.

Ziba chaneli za potasiamu, mambo hugeuka. Dawa iitwayo 4-aminopiridini hufanya hivyo: hurefusha mpigo, kalsiamu nyingi huingia kwenye ncha ya neva, na ujumbe unaotoka huwa mkubwa. Ikizidi, huleta degedege. Kwa kipimo kidogo, imewasaidia baadhi ya wagonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ala ya neva, kutembea vizuri zaidi. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2010.

Kuna pia ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni. Kwa kawaida chanzo ni hitilafu katika jeni ya SCN1A, na chaneli yake ya sodiamu hutegemewa hasa na seli zinazowatuliza wenzao. Hizo tayari ni dhaifu. Mpe mtoto huyo karbamazepini, nazo huzidi kunyamaza, na degedege laweza kuzidi. Mzazi mwenye shaka amuulize daktari mapema, ila asiikatize dawa ghafla: hilo nalo laweza kuchochea degedege lisilokoma.