Stelingi aliyekubali kuanua matanga

Kwenye vibanda vya video vya utotoni mwetu kulikuwa na sheria moja isiyobishaniwa: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe kwenye nyumba inayoungua, sisi tulikaa palepale kwenye benchi tukijua atainuka. Filamu za maltivesi, yaani zile za malimwengu mengi yanayokwenda sambamba, zimeigeuza sheria hiyo juu chini. Humo stelingi anaweza kufa dakika za mwanzo kabisa, na mwenzake wa jina lilelile akatokea ulimwengu wa pili. Basi kama kila mtu ana nakala yake mahali fulani, kwa nini nimlilie huyu?

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya filamu, na kabla ya hapo nilichora katuni kwa miaka kadhaa. Swali hili nimeishi nalo tangu mwaka 2018, nilipoiona Spider-Man: Into the Spider-Verse kwa mara ya kwanza. Leo nimeshaona nyingi za aina hiyo, na naamini kwamba hizi ni hadithi za msiba. Karibu kila moja ina mfiwa aliyekataa kuanua matanga. Anajua kwamba katika ulimwengu mwingine marehemu wake yu hai, anapika, anacheka, na anaamua kwenda kumchukua. Huyo mara nyingi ndiye adui. Shujaa anayenishika moyo ni yule aliyefiwa vilevile, na mlango uleule uko wazi mbele yake, lakini haupiti.

Mtazame Kingpin, bosi wa wahalifu katika filamu hiyo ya 2018. Mkewe Vanessa na mwanawe Richard walimkuta akipigana na Spider-Man, wakakimbia kwa hofu, wakafa kwenye ajali ya gari. Yeye akajenga mtambo mkubwa chini ya jiji ili awavute Vanessa na Richard wengine kutoka malimwengu mengine, hata kama Brooklyn nzima itabomoka. Na mwishoni wanatokea kweli, kwa kupepesa, ndani ya mtambo. Wanamkuta akimpiga mtoto wa watu. Wanaogopa na kumkimbia tena. Amebadilishiwa familia, lakini mtu aliyewatisha ni yuleyule.

Upande wa pili yuko Miles Morales, kijana wa Brooklyn anayegeuka Spider-Man mpya, baba Mmarekani mweusi na mama mwenye asili ya Puerto Rico. Ami yake Aaron, aliyekuwa kipenzi chake, amekufa mikononi mwake. Miles yuko chumbani, amefungwa kwenye kiti kwa utando, mdomo umezibwa. Baba yake anakuja mlangoni na kuzungumza naye kupitia mbao za mlango, asijue kwamba mwanawe hawezi kujibu. Katika filamu iliyojaa milango ya malimwengu, mlango unaonitoa machozi ni huo wa bweni.

Hapa nieleze jambo la kiufundi, maana ndiko filamu hii ilikonifundisha zaidi. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Mchoraji anaweza kubadilisha mchoro kila fremu, na mwendo ukawa laini kama maji, au akaacha kila mchoro ukae fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na mwendo ukawa na kishindo kidogo. Kwenye tukio la msituni, Peter B. Parker, Spider-Man mzoefu, anabembea kwa michoro 24, na Miles aliye pembeni yake anakwenda kwa 12. Wako kwenye picha moja, hewa moja, lakini mwili wa Miles umechelewa. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu uchoraji anahisi tu kwamba huyu mtoto bado. Baadaye Miles anapoimudu nguvu yake, mwendo wake nao unalainika. Katika miswada ninayoletewa, ukurasa mzima unatumika kueleza kwamba shujaa hajiamini. Hawa waliliweka ndani ya mwili wake.

Kisha anaruka. Amevaa suti aliyoipuliza rangi nyeusi mwenyewe, viatu vyake vya kila siku miguuni, yuko juu ya jengo refu. Mapema tumeonyeshwa kwamba Miles akiogopa, vidole vyake hunasa kwenye chochote alichoshika na haviachii. Sasa angalia vioo anapojirusha: vinapasuka na kuondoka na vidole vyake. Maana yake bado anaogopa. Hofu haikumtoka hata tone, ila ameruka nayo. Halafu picha inageuzwa juu chini, anaanguka lakini machoni petu anapaa. Hakuna Spider-Man wa ulimwengu wowote ambaye angeweza kuruka kwa niaba yake. Filamu hii ilipata Oscar ya katuni bora, na kwa vioo hivyo peke yake mimi ningeipa.

Nilipoiona Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya Sam Raimi, mwaka 2022, nilitoka nikimfikiria Wanda, mchawi aliye adui humo, si Strange, shujaa mwenyewe. Watoto wake wawili aliwaumba kwa uchawi wakatoweka, naye anazunguka malimwengu akitafuta mahali walipo hai, tayari kumtoa uhai binti asiye na kosa ili afike. Anapowafikia, watoto wanamuona ni jitu la kutisha. Mama yao halisi wa ulimwengu ule anamgusa shavuni na kumwambia kwamba watapendwa. Hapo ndipo filamu ilipokuwa na moyo. Strange mwenyewe amepewa saa ya mkononi yenye kioo kilichopasuka na mwanamke aliyeolewa na mwingine. Mwishoni anaitengeneza saa. Ni alama nzuri, ila haikumgharimu kitu. Uchungu wote ulikwenda kwa adui, naye shujaa akabaki kufukuzana naye.

The Flash ya mwaka 2023 inaniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa nacho mkononi. Mama yake Barry, shujaa mwenye kasi ya kuweza kurudi nyuma ya wakati, alisahau nyanya za kopo, akamtuma mumewe dukani. Mume akiwa huko, mke akauawa, na lawama zikamwangukia mume. Barry anarudi nyuma na kutia kopo moja la nyanya kwenye kapu la mama. Kopo moja! Kwa mwandishi hiyo ni zawadi, maana dunia nzima inaning'inia kwenye kitu ambacho kila mtu anakijua. Dunia inaharibika, na ili aiponye lazima alitoe kopo lile. Wanakutana dukani, mama na mwana, mama hamjui. Ni tukio zuri kuliko mengi katika orodha yangu.

Halafu wakaliharibu. Barry anapanga upya makopo rafuni ili baba yake ainue uso, kamera imuone, atoke gerezani. Kwa hiyo bei tuliyoililia ilikuwa na punguzo. Na kabla ya hapo filamu inatuonyesha Christopher Reeve na George Reeves, waigizaji wa zamani wa Superman, marehemu wote wawili, wakiwa wameundwa upya kwa kompyuta. Hadithi inamfundisha Barry kuwaacha wafu, huku waliomtengeneza wakifukua.

Deadpool & Wolverine ya 2024 sitaikalia sana. Ina shida ileile, maana Logan, yaani Wolverine tuliyemzika katika filamu ya mwaka 2017, analetewa badala yake kutoka ulimwengu mwingine. Kinachoiokoa ni kwamba Wolverine huyu mpya hakuja na sifa za yule wa kwanza. Ana aibu yake mwenyewe, ya kuwaacha wenzake wafe, na suti ya njano anayoivaa ndiyo waliyokuwa wakimsihi aivae. Anapokaa kando ya moto na Laura, binti wa yule wa kwanza, wote wawili wanajua kwamba yeye siye.

Katika Spider-Man: No Way Home ya mwaka 2021 watu walishangilia kuwaona Spider-Man watatu pamoja. Mimi nilinyamazishwa na mmoja wao, Peter aliyeigizwa na Andrew Garfield. Mpenzi wake Gwen alianguka naye akachelewa kumdaka, katika filamu ya mwaka 2014. Sasa anaanguka MJ wa mwenzake. Anajirusha, anamdaka, anamfikisha chini salama. MJ anamuuliza kama yuko sawa, naye macho yanamjaa. Hakurudishiwa Gwen. Ameokoa mpenzi wa mtu mwingine, na kwake ndiyo ilikuwa njia ya kuanua tanga.

Sasa kuna Across the Spider-Verse ya 2023, mwendelezo wa ile ya Miles, ambamo hoja yangu inapimwa. Miguel O'Hara, naye Spider-Man wa ulimwengu mwingine, alipata ulimwengu ambako yeye mwingine alikuwa na binti na maisha mema. Yule mwingine alipokufa, Miguel akaingia mahali pake kama baba, na ulimwengu ule ukasambaratika. Kwa kidonda hicho anamtaka Miles akubali kwamba baba yake lazima afe, maana ndivyo hadithi za kina Spider-Man zinavyokwenda. Miles anakataa. Wapo waliosema Miles naye anakimbia msiba kama Kingpin. Sikubaliani nao. Baba yake yu hai. Kumkinga aliye hai si sawa na kumfukua aliyekufa, na Miguel, kwa sababu ya alichokipoteza, hawezi tena kuona tofauti hiyo.

Filamu inamwacha Miles katika ulimwengu usio wake, amefungwa. Huko baba yake ndiye amekufa. Mbele yake amesimama Miles mwingine, wa huko. Na pembeni, akiwa hai, kwa sura na sauti ileile aliyoililia, yuko ami yake Aaron.