Je, wajua kwa nini laptopu kuukuu hujikokota ilhali prosesa yake haijachoka?

Prosesa, kile kifaa kinachofanya hesabu zote za kompyuta, haizeeki hivyo: ya laptopu ya mwaka 2013 yenye kasi ya gigahezi 2.4 bado ina gigahezi zake 2.4 leo. Mapigo yake huongozwa na kipande cha kwatzi kinachotetema kwa kiwango kilekile mwaka nenda mwaka rudi, na haipungui nguvu kidogo kidogo kwa kutumika. Lakini mwenye mashine anaijua hali halisi: anaiwasha, anakwenda kuoga, anarudi, na kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Sasa kama prosesa ni ileile, kimepungua nini?

Mara nyingi hakijapungua kitu. Kazi ndiyo iliyoongezeka. Windows XP ya mwaka 2001 ilikubali kuwaka kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya megabaiti 64. Windows 7 ya mwaka 2009 ikataka gigabaiti 1, na Windows 11 ya mwaka 2021 inataka gigabaiti 4, yaani mara 64 ya ile ya kwanza ndani ya miaka 20. Na hicho ni kiwango cha kuwaka tu, kufanya kazi kwa raha ni habari nyingine. Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamikia jambo hili tangu mwaka 1995: programu zinanenepa haraka kuliko vifaa vinavyoongeza kasi. Siku hizi hata ukurasa wa intaneti ni programu kamili, na kila kichupo unachokiacha wazi kwenye kivinjari kinakula sehemu yake ya RAM, ukikitazama usikitazame.

Kuna kisa kimoja ambacho prosesa zenyewe zilipunguziwa mwendo kweli. Januari 2018 zilitangazwa kasoro mbili za usalama, Meltdown na Spectre, zilizokuwa ndani ya muundo wa prosesa za miaka mingi. Viraka vilivyotolewa kuziziba vilipunguza kasi kiasi, na walioumia zaidi ni wenye prosesa za zamani. Hata hivyo, hasara hiyo peke yake haiwezi kuifanya mashine ichukue dakika tano kuwaka. Mchawi wa dakika tano ni mwingine.

Mchawi huyo mara nyingi ni diski. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, sahani ya sumaku inayofanya mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa kidogo kinachokwenda huku na huko kutafuta data. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Ukijumlisha muda wa kichwa kusogea na muda wa kusubiri sahani ifike mahali pake, kila ombi la faili dogo linaweza kula milisekunde 15 hivi. Kwa hiyo diski hiyo haiwezi kuhudumia hata maombi 100 yaliyotawanyika kwa sekunde moja. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Hujibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde au chini yake, na huhudumia makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde.

Hapo ndipo mambo mawili yanapokutana. RAM ni meza ya kazi na diski ni stoo. Meza ikijaa, mfumo endeshi (Windows yenyewe) hubeba baadhi ya vitu kuvirudisha stoo ili upate nafasi, kisha huvifuata tena pindi ukivihitaji. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Safari moja ya kwenda kwenye diski ya kuzunguka ni zaidi ya mara 100,000 ya hapo. Wakati wote huo prosesa imekaa bure inasubiri. Ndiyo maana nasema kuilaumu prosesa ni kumwonea mtu ambaye hajaletewa kazi.

Haya yote unaweza kuyaona kwa macho kabla hujatoa hata senti moja. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka. Tazama safu tatu: prosesa (CPU), RAM (Memory) na diski (Disk), hasa katika dakika chache za mwanzo baada ya kuwasha na wakati ule mashine inapokuudhi. Diski ikiwa asilimia 100 huku ikisafirisha megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, umempata mhusika: kichwa kinakimbizana na vijifaili vidogo vya antivairasi, masasisho na programu zilizojiwasha zenyewe. RAM ikibaki juu ya asilimia 90 wakati umefungua vitu vyako vya kila siku, meza ni ndogo. Prosesa ikiwa juu bila wewe kufanya lolote, panga orodha kwa safu hiyo uone ni programu gani inayoila.

Humo humo kwenye Task Manager kuna sehemu ya programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Zime zile usizozihitaji. Ni kazi ya dakika mbili. Na kabla ya hapo, iwashe upya mashine kwa kitufe cha Restart. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha unapowasha. Mtu anaweza kuizima laptopu kila usiku kwa mwezi mzima na kiini kikabaki kilekile na matatizo yake yaleyale.

Ikiwa laptopu inaanza vizuri kisha inalegea baada ya dakika kumi huku feni ikinguruma, acha diski, fikiria joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Vumbi hukamata kwenye mapezi ya kupozea hadi linakuwa kama kitambaa, na ile grisi inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hukauka baada ya miaka. Fundi huisafisha na kupaka grisi mpya kwa muda mfupi. Ukipuliza vumbi mwenyewe, izime mashine na uishikilie feni isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi na hewa inaweza kuharibika. Na kuiweka laptopu juu ya godoro ni kuiziba pua.

Kuna pia laptopu ambazo zikishindwa kuitambua chaja, au betri ikiwa mbovu, hushusha kasi ya prosesa. Hili hupotezea mafundi muda mwingi, kwa sababu kila kitu kingine kinaonekana kizima.

Programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha RAM au kufagia rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) ziache. Mfumo hutumia kwa makusudi RAM iliyo tupu kutunzia data inayoweza kuhitajika tena, kwa hiyo kuifagia ni kuulazimisha mfumo urudi kwenye diski. Kupanga upya vipande vya faili kulikuwa na maana kwa diski za kuzunguka; kwa SSD ni kuichosha bure. Kupiga Windows upya husaidia, ila kama tatizo ni diski ya kuzunguka nafuu hiyo haidumu sana.

Kwa hiyo, kama kuna kitu kimoja cha kununua, ningeanza na SSD, halafu RAM. Kwanza hakikisha kama laptopu yako inakubali, kwani katika nyingi zilizo nyembamba RAM imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. Mashine isiyokidhi masharti ya Windows 11, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, inaweza kupewa Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, katika toleo jepesi kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce ikaendelea kuandika barua na kufungua tovuti.

Hali moja haifai kungoja wala kujaribiwa lolote: laptopu inaganda kwa sekunde kadhaa ukifungua faili fulani, au diski inatoa mlio wa kugongagonga. Hiyo ni diski inayorudia kusoma sehemu zilizokufa, mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Programu kama CrystalDiskInfo itakuonyesha idadi ya sehemu mbovu, lakini hiyo ni baada ya kunakili. Nakili picha na nyaraka zako kwenye diski nyingine kwanza, kabla ya kusafisha, kupanga au kusakinisha chochote, kwa sababu kila zoezi kati ya hayo linaichosha diski ambayo huenda imebakiza siku chache.