Asilimia kubwa ya uwekezaji haimaanishi ujenzi mwingi

Wengi huamini kuwa kati ya nchi mbili zinazoendelea, yenye asilimia kubwa ya pato la taifa katika mtaji wa kudumu, yaani majengo, barabara na mitambo, ndiyo inayojenga zaidi. China imekuwa juu ya asilimia 40 kwa miaka mingi, India ikizunguka 30, na hapo imani hiyo inakubalika. Lakini pato likishuka, asilimia yaweza kupanda bila kiwanda kipya hata kimoja. Tena asilimia hiyo ni hesabu ghafi: haijaondoa uchakavu wa majengo na mitambo ya zamani.

Ukitaka kuhakiki, tafuta takwimu za uwekezaji za miaka 20 kwa bei zisizobadilika, yaani zilizoondolewa mfumuko wa bei, ugawe kwa idadi ya watu. Chunguza sana mwaka wa kuanzia: ukianzia kwenye mdororo, karibu kila nchi itaonekana imepaa.