Chanjo mpya ya mafua, ya seli, iliyo kwenye majaribio: maswali ninayoulizwa

Chanjo ya seli ni nini?
Ni chanjo ya influenza, yaani mafua makali, ambayo virusi vyake hukuzwa ndani ya seli kwenye matangi, si ndani ya mayai ya kuku kama ilivyozoeleka tangu miaka ya 1940. Homa ya ndege ikifyeka kuku, utengenezaji haukwami.

Nasikia ni seli za mbwa?
Ile ya seli iliyokwisha kuidhinishwa Marekani mwaka 2012, si hii ya majaribio, ndiyo. Seli zilitoka kwenye figo ya mbwa mmoja mwaka 1958, na tangu hapo zinazalishwa maabara. Virusi vikishakua hutolewa, huuawa, husafishwa. Mwenye shaka ya dini amuulize sheikh wake, ila mapema, si siku tatu kabla ya ndege ya Jidda kwenda Hija.

Awamu ya kwanza ya majaribio hupima nini?
Usalama na kiasi cha dozi. Watu wazima wenye afya, makumi tu, huchomwa, kisha huangaliwa kama wamepata homa au mkono umevimba. Damu hupimwa kabla, na tena wiki tatu hivi baadaye, kuona kama kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, zimepanda.

Basi imethibitika kuwa inazuia ugonjwa?
Hapana. Hilo hujulikana awamu ya tatu, kwa maelfu ya watu.

Sista, si afadhali nisubiri hiyo mpya?
Hapana! Kila msimu nasikia haya, na wanaosema ni wale wale wasiopaswa kusubiri: mjamzito, mzee mwenye kisukari, mgonjwa wa pumu. Kutoka awamu ya kwanza hadi kufika kliniki ni miaka, na nyingine hazifiki kabisa. Unayesubiri huna kinga ya chanjo yoyote.

Hata mwezi mmoja tu?
Hata mwezi mmoja. Chanjo iliyopo inahitaji wiki mbili hivi mwilini kabla ya kukukinga. Chomwa leo.

Nilichomwa mwaka juzi.
Virusi vimeshabadilika. Rudia.

Nimejitolea kwenye majaribio. Nikiugua nitulie?
Usitulie. Huenda ulichomwa dozi ndogo, au maji ya chumvi ya kulinganishia. Wapigie watafiti siku hiyo hiyo. Ukipumua kwa shida au kifua kikibana, nenda hospitali kwanza, simu utapiga njiani. Na zile antibaiotiki ulizobakiza kabatini ziache huko huko, haziui virusi.