Sukari inayeyuka, mshumaa unayeyuka: sayansi ya darasa la nne kwa Kiingereza

Muhula huu nilikaa nyuma ya darasa la nne katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, nikipitia madaftari ya sayansi. Swali lilikuwa la Kiingereza: sukari ikikorogwa kwenye maji, hutokea nini? Madaftari karibu yote yalikuwa na jibu moja, "melt", na yote yameshapigwa kosa kwa wino mwekundu.

Wengi wa watoto wale wametoka Kongo na nyumbani wanasema Kiswahili. Sasa jiulize: mama akikoroga chai, sukari inafanya nini? Inayeyuka. Mshumaa ukiwaka? Unayeyuka. Barafu juani je? Nayo inayeyuka. Sisi kitenzi tunacho kimoja, Kiingereza kina viwili. "Melt" ni kigumu kuwa kimiminika kwa sababu ya joto. "Dissolve" ni kitu kutawanyika ndani ya kimiminika hadi usikione tena. Mtoto aliyeandika "melt" alikuwa ametafsiri vizuri tu. Na mwalimu wake, mwenyeji wa Ankole asiyejua Kiswahili, angeyajulia wapi hayo?

Nikamwomba dakika kumi. Vikombe viwili vya maji baridi (baridi kwa makusudi), kijiko cha sukari, kipande cha mshumaa. Nikauliza kwa Kiswahili: kipi kitayeyuka? Wakapiga kelele kwamba vyote. Tukakoroga. Sukari ikatoweka, mshumaa ukaelea vilevile. Mbona huu umegoma? Msichana mmoja wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, mshumaa unataka moto. Sukari inataka maji tu." Jirani yake akadai sukari imekwisha. Akajibiwa, "Iko humo. Onja."

Sayansi ya kipindi kizima ilikuwa imeshasemwa. Kilichobaki ni kuwapa maneno mawili ya Kiingereza ya kubandika juu ya vitu viwili ambavyo tayari wanavitofautisha, na hiyo ilichukua dakika tano.

Kazi yangu ndiyo hii, kuwanoa walimu wanaofundisha somo kwa lugha ambayo mwanafunzi bado anajifunza. Huko Ulaya njia hiyo ina jina, CLIL (Content and Language Integrated Learning, yaani kufundisha somo na lugha kwa pamoja), alilolitoa David Marsh mwaka 1994, na vitabu vyake vimejaa picha za madarasa ya watoto ishirini. Mtoto wa Ufini akifundishwa jiografia kwa Kiingereza, masomo yake mengine anaendelea nayo kwa lugha yake. Akiteleza kwenye jiografia, shule haijamtoka. Wetu akiteleza kwenye Kiingereza, ameteleza kwenye kila kitu.

Tazama mpangilio wetu. Tangu mtaala wa mada ulipoanza mwaka 2007, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya eneo, la nne ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia la tano ni Kiingereza. Mijini shule nyingi huanza na Kiingereza siku ya kwanza. Kwa Isingiro lugha ya eneo ni Runyankore-Rukiga, kwa hiyo mtoto wa Bukavu anakutana na lugha mbili ngeni kabla ya kufika la tano, na ikiwa alishasoma kwao, Kifaransa chake nacho anakiacha mpakani. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha aliyetenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo mwaka 1979, alionyesha kwamba ya kwanza hupatikana kwa miaka kama miwili, ya pili huhitaji mitano hadi saba. Sisi tunavusha mtoto kwa mwaka mmoja.

Walimu wengi hudhani kikwazo ni maneno makubwa, basi wanajaza ubao kwa "photosynthesis" na "germination". Maneno hayo ni mageni kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa Kampala, na kwa sababu hiyo hufundishwa. Kinachoua ni vijineno ambavyo hakuna anayevifundisha. Chukua "unless". Kitabu kinasema "A plant cannot make food unless it gets light." Mtoto anayakamata "cannot make food" na "gets light", anayaunganisha, anatoka na imani kwamba mmea ukipata mwanga hautengenezi chakula! Nimekutana na jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba sicheki tena.

Kiswahili kwa kawaida hakitumii neno la pekee mahali pa "unless" kwenye sentensi kama hiyo. Tunalimeza ndani ya kitenzi: mmea *usipopata* mwanga. Vivyo hivyo sharti la kawaida limo kwenye -ki-: maji *yakichemka*. Msemaji wa Kiswahili amezoea kulitafuta sharti tumboni mwa kitenzi, na Kiingereza kimeliweka nje, peke yake, limesimama kama mgeni mlangoni. Nikiwaandikia ubaoni sentensi zote mbili, moja chini ya nyingine, na kuchora mstari kutoka -sipo- hadi "unless", naona nyuso zinabadilika. Tunafanya hivyo pia kwa "kadiri... ndivyo...", maana Kiingereza hurudia "the more" mara mbili na watoto hudhani ni kosa la uchapaji.

Wazazi huniambia, "Mwalimu, mtihani hauji kwa Kiswahili." Ni kweli. Masomo yote manne ya mtihani wa kumaliza msingi, PLE, huandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana simwambii mwalimu aache Kiingereza. Namwambia watoto wabishane kwa lugha waliyonayo, kisha kabla kengele haijalia kila kundi liseme kwa Kiingereza walichoafikiana, hata kwa sentensi moja. Asichopaswa kufanya ni kutafsiri kila sentensi papo hapo. Watoto ni wajanja. Wakijua Kiswahili kinakuja nyuma, Kiingereza wanakiacha kipite.

Ugumu haukosekani. Darasa la watoto zaidi ya mia likibishana, mwalimu wa chumba cha pili hugonga ukuta. Na si wote ni Waswahili: wamo Wasomali, wamo Warundi. Huwa tunawaweka wa lugha moja pamoja tunapowaza, tunawachanganya tunapoandika.

Mimi mwenyewe nimekulia Bombo, nyumba ya Kinubi na Kiswahili. Shule niliyosoma, aliyeropokwa na Kiswahili alivishwa kibao shingoni hadi amkamate mwenzake. Nilijifunza kunyamaza mapema sana.

Yule msichana wa dawati la mbele alirudia swali lake siku hiyohiyo. Aliandika, kwa Kiingereza chenye makosa matatu, kwamba sukari haikuyeyuka kama mshumaa, imeingia ndani ya maji ikajificha. Neno "dissolve" alilikosea herufi. Mwalimu akaniletea daftari, akauliza ampe ngapi. Mbili juu ya mbili, nikamwambia. Hayo makosa ya lugha yapigie mstari kwa penseli, utayashika kesho kwenye kipindi cha Kiingereza.